Tableti ya SIM au ya wifi? Tuulize kwanza nani atalipa

Kila mwaka wa masomo unapofunguliwa, wadogo zetu wa mwaka wa kwanza huuliza swali moja kabla hata hawajajua ukumbi wa masomo uko wapi: tableti ya kununua iwe ile inayoingiza SIM, au ile ya wifi tu itatosha? Jibu wanalopewa ni la haraka. "Nunua ya SIM, ya wifi ni ya watoto kuchezea." Nimelisikia kwa wanafunzi wa mwaka wa tatu, nimelisikia kwa maasistanti, na nimelisikia hata kwa mwalimu aliyekuwa anaeleza namna atakavyotutumia silabasi yake. Ninalipinga. Kwa walio wengi katika kitivo chetu tableti ya wifi inatosha, na pesa inayobaki ina kazi ya maana zaidi. Tena, anayemwambia kijana "nunua ya SIM" mara nyingi anamtwika mzazi wa kijana huyo, bila kukusudia, deni ambalo lingepaswa kulipwa na kitivo.

Sisi ni watu wa lugha, basi tuanze na maneno. Katika Kiswahili cha kamusi, wifi ni jina ambalo mwanamke humwita dada ya mumewe, na dada huyo naye humwita hivyo hivyo. Mzaha juu ya kijana anayezunguka chuo kizima akitafuta wifi hauhitaji maelezo. Tableti nayo ina jina lake huko Tanzania, kishikwambi, ambalo lilienea sana wakati wa sensa ya mwaka 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba wakiwa nacho mkononi. Hapa Lubumbashi tunasema tableti na tunaelewana. Neno linalotuponza ni lile la kwanza. Kwetu "wifi" imekuwa na maana ya "intaneti ya bure". Mtu akisema pale kuna wifi, anataka kusema pale kuna mega zisizolipiwa. Kumbe wifi ni njia tu: ni mawimbi ya redio ya masafa mafupi yanayounganisha chombo chako na kisanduku kilicho umbali wa mita makumi machache. Nyuma ya kisanduku hicho kunaweza kuwa na intaneti, na kunaweza kusiwe nayo. Wifi inaweza kuwaka siku nzima bila mega hata moja. Naomba msomaji ashike jambo hili, kwa sababu nitalirudia.

Tableti ya SIM ina wifi vilevile. Kilichoongezwa ni redio ya pili, inayozungumza na mnara wa kampuni ya simu ulio mbali zaidi, pamoja na antena na kijidirisha cha kadi. Nyongeza hiyo inalipiwa. iPad ya kwanza ilipotoka Marekani mwaka 2010, ya wifi ilianzia dola 499, na ya wifi pamoja na 3G ilianzia dola 629, yaani dola 130 zaidi kwa chombo kilekile. Ungedhani kwamba kwa miaka yote hii nyongeza ingeshuka. Haikushuka: kwenye iPad ya kawaida ilifika dola 150, na kwenye iPad Pro dola 200. Tableti za Android, ambazo ndizo nyingi mikononi mwetu, kwa kawaida zina nyongeza ndogo zaidi, lakini nazo zinayo. Kwa wengi wetu, dola 130 au 150 ni kodi ya chumba kwa miezi kadhaa.

Kisha, baada ya kulipa nyongeza, bado hujapata intaneti. Umenunua haki ya kuanza kununua forfe.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza mdogo wetu halihusu tableti kabisa. Mfukoni ana simu gani? Kama ni simu ya Android hata ya bei ndogo, basi tayari ana SIM, ana namba, na ana forfe anayonunua kila juma. Akifungua hotspoti, simu yenyewe inageuka kuwa kisanduku cha wifi na tableti inatumia mega za simu. Hakuna SIM ya pili wala forfe ya pili. Na jambo la forfe ya pili si dogo, kwa sababu forfe zetu zina siku ya kufa: za siku, za juma, za mwezi. Mwenye SIM mbili hununua mbili, na tarehe zikifika hutupa mabaki mawili. Hata WhatsApp, ambayo ndiyo chuo kikuu chetu cha pili, haidai SIM ndani ya tableti. Inaunganishwa na namba iliyo kwenye simu, na kundi la kozi linafunguka kwenye skrini kubwa.

Njia hiyo ina mtego mmoja ambao lazima niuseme. Tableti haijui kwamba wifi inayotoka kwenye simu yako ni mega ulizolipia. Mara nyingi inaona wifi na kufikiri ni bure, kama sisi wenyewe, ndipo inaanza kusasisha programu na kupeleka picha mbali huko zinakohifadhiwa. Asubuhi unakuta forfe ya juma imelala. Dawa iko ndani ya mipangilio: kwenye Android unaingia katika jina la mtandao ule na kuuweka kuwa wa kulipia; kwenye iPad unawasha hali ya data kidogo. Ni dakika moja, na inafanywa mara moja.

Tupige na hesabu ya matumizi. Makala ya kurasa 20 iliyoandikwa kwa kompyuta, bila picha, kwa kawaida haizidi mega moja au mbili. Silabasi ya kurasa 150 iliyotengenezwa hivyo haifiki hata mega tano. Ujumbe wa sauti wa dakika moja kwenye WhatsApp hauifikii nusu mega. Kinachomaliza forfe ni video, maana saa moja ya video ya ubora wa kati hula mega 500 na kuendelea. Masomo ya lugha, tukisema ukweli, ni mepesi. Mtu akiniambia anahitaji SIM ndani ya tableti kwa ajili ya kozi ya fonolojia, namwomba anionyeshe mahali mega zake zilipokwenda mwezi uliopita.

Kuna na mambo ya sokoni ambayo wauzaji hawayasemi. iPad inayoingiza SIM haipigi simu za kawaida na haikubali zile namba za nyota na reli ambazo kwazo tunanunua forfe na kutuma pesa kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money. Ukitaka kuongeza mega itakubidi kutoa kadi, kuiweka kwenye simu, kununua, kisha kuirudisha. iPad Pro na iPad Air zilizotoka tangu mwaka 2024 hazina hata nafasi ya kadi. Zinataka SIM ya kielektroniki. Tableti nyingi za Android hazina taabu hiyo, lakini zina nyingine. Ya mkono wa pili iliyotoka Marekani au Ulaya inaweza kuwa imefungwa kwenye kampuni ya huko, ikakataa kadi ya hapa. Au ikakubali kadi lakini isishike 4G kwa sababu mawimbi iliyotengenezewa si yale ya minara yetu. Tableti ya wifi haina kufuli la namna hiyo, maana wifi ya Dubai, ya Chicago na ya Kamalondo ni moja.

Halafu kuna lile tundu la pembeni. Muuzaji analionyesha na kusema, "Unaona, inaingiza SIM." Kwenye tableti nyingi za wifi tundu hilo ni la kadi ya kumbukumbu peke yake. Jina la modeli lililoandikwa nyuma ndilo linalosema ukweli: kwa Samsung Galaxy Tab A8, SM-X200 ni ya wifi na SM-X205 ni ya SIM, kwa Tab A9, SM-X110 ni ya wifi na SM-X115 ni ya SIM. Tofauti ni tarakimu ya mwisho tu. Chombo chenye redio ya simu kina pia namba ya IMEI, ambayo ndiyo iliyofuatwa na ile kodi ya RAM iliyoanza mwaka 2020 na kuondolewa mwaka 2022, dola 7 kwa mwaka kwa simu ya 3G au 4G, ikikatwa kidogo kidogo kwenye inite zetu. Chombo cha wifi tupu hakina IMEI. Sisemi kodi ile itarudi. Ninakumbusha tu kwamba SIM ni mlango, na mlangoni huingia watu wengi.

Sasa nije kwa wanaonipinga, maana wana hoja.

Hoja yao yenye nguvu kuliko zote ni betri. Hotspoti inakula betri ya simu, na umeme wetu tunaujua. Mtu anayekaa Katuba au Ruashi, umeme ukiwa umekatika tangu asubuhi, hawezi kuifanya simu yake mtumishi wa tableti hadi jioni, kwa sababu simu hiyohiyo ndiyo inayobeba pesa zake na wito wa mama yake. Hoja hiyo naikubali nusu. Jibu langu ni kwamba anayefanya kazi kwa njia hii hapaswi kuacha hotspoti wazi mchana kutwa: anaifungua dakika kumi, anashusha anachohitaji, anaifunga, anasoma. Nusu ya hoja inayobaki inajibiwa kwa betri ya akiba, na bei yake ni sehemu ndogo ya nyongeza ya tableti ya SIM.

Hoja ya pili ni ya mtu ambaye hana simu ya maana, ana ile ndogo ya tochi tu. Huyo ana haki kabisa. Kama tableti ndiyo itakayokuwa chombo chake pekee cha intaneti, anunue ya SIM, tena ya Android, na asisikilize maneno yangu ya hapo juu. Mwalimu anayefundisha hapa Jumatatu, Likasi Jumatano na Kolwezi mwisho wa juma, akisahihisha TFC njiani, naye simbishii. Muda wake una bei, na kuwasha simu kila mara ni usumbufu.

Hoja ya tatu ndiyo inayosemwa sana katika kitivo cha lugha: utafiti. Mwanafunzi anakwenda Kasenga au Pweto kukusanya methali za Kibemba, au Kalemie kusikiliza Kitabwa, "sasa atafanyaje bila SIM?" Atafanya kazi yake vizuri sana. Tuangalie anachohitaji kule. Anahitaji kurekodi. Saa moja ya sauti katika faili ya WAV, ya ubora ambao mtaalamu wa fonetiki ataukubali, ni zaidi ya mega 600. Mahojiano matano ni giga tatu. Nani atatuma giga tatu kutoka kijijini, kwa mtandao wa kule na kwa forfe ya mwanafunzi? Hakuna. Kwa SIM au bila SIM, sauti hizo zitasafiri ndani ya begi. Kinachomwokoa mtafiti ni nafasi ya kuhifadhi, kadi ya kumbukumbu ya pili na betri, yaani vile vitu ambavyo dola zilizobaki zingevinunua. Kwa ujumbe mfupi kwa mwongozaji wake, ana simu.

Kuna jambo moja ambalo mtafiti anapaswa kuliangalia, nalo ni GPS. Anayechora ramani ya lahaja anataka kujua alipokuwa amesimama aliposikia umbo fulani. iPad ya wifi tupu haina chombo cha GPS. Ya SIM inacho. Kwenye Android mambo ni tofauti: tableti nyingi za wifi zinacho, nyingine hazina, na inabidi kusoma karatasi ya sifa zake. Lakini simu iliyo mfukoni nayo inacho, na daftari linapokea namba za mahali bila malalamiko.

Nimesema nani alipe, na hapo ndipo penye uzito. Tazama jinsi tunavyosoma. Historia ya Elisabethville iliyoandikwa na André Yav mwaka 1965 kwa Kiswahili cha hapa, kwa ajili ya watu waliokuwa watumishi wa nyumbani, ilitolewa katika kitabu na Johannes Fabian mwaka 1990, na leo inapatikana katika hifadhi ya matini za Kiswahili iliyowekwa kwenye intaneti huko Amsterdam. Mwanafunzi wa Lubumbashi analipa mega ili asome Kiswahili cha Lubumbashi kutoka Uholanzi. Mimi siwalaumu waliokiweka huko. Wangeacha kukiweka tungekuwa maskini zaidi. Ninachouliza ni hiki: darasa likiwa na wanafunzi 80, kwa nini tulipe mara 80 kitu ambacho kingeshushwa mara moja? Matini ile ikishahifadhiwa Jumatatu, Jumanne hakuna tofauti yoyote kati ya tableti ya SIM na ya wifi. Ni kitabu.

Hapa narudi kwenye wifi isiyo na intaneti. Kompyuta ndogo ya aina ya Raspberry Pi, yenye ukubwa wa kiganja, inaweza kuwekwa kwenye rafu ya maktaba ikarusha wifi yake yenyewe. Ndani yake zinaingia silabasi, makala, kamusi zinazoruhusiwa kunakiliwa, TFC na tasnifu za waliotutangulia. Kwa programu ya Kiwix, ambayo ni ya bure, inaingia pia Wikipedia nzima ya Kiswahili, na nafasi ikiruhusu ile ya Kifaransa. Mwanafunzi anaketi, anaunganisha tableti, anachukua anachotaka. Hapo hakuna forfe wala mnara wa simu. Umeme inaotumia ni kidogo kiasi kwamba betri yenye paneli ndogo ya jua inaiendesha. Anayesema hilo ni jambo la nchi tajiri hajaliangalia. Ni kinyume chake, lilibuniwa kwa ajili ya mahali ambapo intaneti ni ghali au inakatika. Na sisi tunajua kukatika. Intaneti ilipozimwa nchini tarehe 31 Desemba 2018, baada ya uchaguzi, ikakaa karibu siku 20 bila kurudi, mwenye tableti ya SIM na mwenye ya wifi walikuwa hali moja. Kisanduku cha namna hii kingeendelea kufanya kazi.

Najua kuna walimu ambao wazo hili litawapa wasiwasi. Silabasi ni kipato, na mshahara tunaujua. Mtu asiwanyang'anye tonge mdomoni kwa jina la maendeleo. Basi silabasi za kuuzwa zibaki nje ya kisanduku hadi kitivo kipate namna ya haki ya kuzilipia. Makala, TFC za zamani na matini za mazoezi zinatosha kuanza, na hizo hazimnyimi mtu kitu.

Walimu haohao wanaweza kutusaidia leo hii, bila kisanduku na bila kikao. Kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa kwa simu, kikatumwa kwenye kundi, kinaweza kufika mega 80 au 100. Kitabu hichohicho kikipunguzwa kwa programu za bure za kubana PDF, kinarudi mega kumi na bado kinasomeka. Kazi hiyo ya dakika tano kwa mwalimu mmoja inaokoa mega 70 kwa kila mwanafunzi. Wanafunzi wakiwa 80, hizo ni zaidi ya giga tano na nusu, kwa kitabu kimoja tu, na zote zimetoka mifukoni mwa wazazi.

Kwa hiyo mdogo wangu unayekwenda sokoni Jumamosi hii: kama simu yako inafungua hotspoti, chukua ya wifi, yenye nafasi kubwa ya kuhifadhi kadiri pesa itakavyokuruhusu, na tundu la kadi ya kumbukumbu. Geuza nyuma usome modeli kabla ya kutoa pesa. Na kamati ya wanafunzi ikusanye bei ya kisanduku, diski na betri, iziweke mezani kwa dekano kabla kitivo hakijatoa tena ushauri wa aina ya tableti tunayopaswa kununua.